Nishasevu, Kwa Nini Inaniambia Sijasevu?

Najua nimepotea, wiki mbili hizi test zimefuatana kama daladala za asubuhi. Leo nina jambo moja tu, na nimelibeba rohoni muda mrefu: GIMP, ile programu ya picha, na ubishi wake kwenye suala la kusevu. Wasiohusika wanaweza kupita kimya kimya. Ila nyie mnaotengeneza mabango ya fellowship, kadi za mahafali na vipeperushi vya wagombea wetu, hebu kaeni hapa kidogo.

Kwa asiyeijua, GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Wanafunzi kama sisi, tofauti ni kwamba wao walimaliza walichokianza, hehe. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Wengi wetu lakini hatukuifuata kwa sababu ya hayo mambo ya uhuru. Tuliifuata kwa sababu Photoshop inalipiwa kila mwezi, tena kwa dola, na bumu halijawahi kuingia kwa dola. Ile ya kukraki nayo tunaijua, unaletewa kwenye flashi ikiwa na virusi vyake vyote, ukoo mzima.

Sasa kisa chenyewe. Zamani ukifungua JPEG kwenye GIMP, ukaipunguza, ukaiongezea mwanga, ukabonyeza Ctrl+S, ilikuwa inasevu palepale kama programu nyingine yoyote. Tarehe 3 Mei 2012 likatoka toleo la 2.8 na mambo yakageuka. Kuanzia hapo kusevu maana yake ni kitu kimoja tu: kuhifadhi kwenye XCF, ambalo ni faili la GIMP wenyewe. Ukitaka JPEG au PNG au kingine chochote, hiyo siyo kusevu tena, hiyo ni kuekspoti, ina mahali pake kwenye menyu na vitufe vyake, Ctrl+E. Mimi mwaka huo nilikuwa shule ya msingi, kompyuta nilikuwa naiona kwenye ofisi ya mwalimu mkuu ikiwa imefunikwa kitambaa. Lakini kila mwaka first year wanaingia, wanaipakua, wanagonga ukuta uleule. Toleo la 3.0 limetoka Machi 2025 na ukuta bado upo.

Jaribu uone. Fungua picha ya pasipoti, kata mabega, bonyeza Ctrl+S. Inakuletea kisanduku cha XCF. Unafuta, unaandika mwenyewe jina linaloishia na .jpg, unabonyeza. Inagoma! Inakuambia kisanduku hiki ni cha XCF tu, ukitaka aina nyingine nenda kwenye Export. Yaani imeelewa kabisa unachotaka, inajua na pa kukipata, ila inakutuma uzunguke nyumba uingie kwa mlango wa nyuma. (Baadaye waliweka kitufe cha kukupeleka huko moja kwa moja. Asanteni, ila si mngefungua tu mlango?)

Halafu hilo neno lenyewe, export. Kwa sisi export ni korosho, zinatoka Mtwara zinapanda meli zinakwenda India. Umwambie mtu wa kawaida kwamba picha yake inayobaki palepale kwenye folda ileile "imesafirishwa nje", atakuangalia mara mbili.

Kabla hamjanirukia nyie watu wa computer science, sababu yao ninaijua na haina ubaya. Tena nitaieleza vizuri, maana wengi wanaolalamika hawajawahi kuisikia.

Bango ni matabaka. Chini kabisa kuna rangi, juu yake picha ya mgeni rasmi, juu yake nembo, juu kabisa maandishi. Kwenye XCF kila tabaka linakaa peke yake, ni kama viungo vilivyopangwa mezani, bizari kwenye kibakuli chake, kitunguu kwenye sahani yake. JPEG ni pilau lililokwisha iva. Tamu, linagawika, kila mtu anaweza kulila kwenye simu yake, lakini huwezi kurudi ukachambua iliki moja moja. Mgeni rasmi akibadilishwa usiku wa kuamkia shughuli (na lini hakubadilishwa?), mwenye XCF anabadilisha jina dakika moja anaenda kulala. Mwenye JPEG anaanza upya.

Kuna la pili. JPEG inapunguza uzito kwa kutupa taarifa. Inaikata picha katika vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8, inatupa yale ambayo jicho halitayakosa sana. Kila ukiihariri na kuisevu tena, inatupa tena. Wote mmeshika ile past paper iliyopigwa kopi kutoka kwenye kopi ya kopi, swali la nne limebaki ukungu na hujui ni 3 au 8. Ndiyo hivyo hivyo.

Na mfumo wa zamani ulikuwa na mtego kweli. Uliweza kufanya kazi saa tatu nzima yenye matabaka kumi, ukasevu JPEG, programu ikahesabu kwamba umeshahifadhi. Unafunga, haikuulizi kitu. Kesho yake ukifungua, matabaka hakuna. Kwa hiyo waliotenganisha kusevu na kuekspoti hawakukurupuka. Peter Sikking, aliyekuwa akiongoza upande wa muundo wa matumizi, alilitetea jambo hili kwa maelezo marefu, na msingi wake ni kwamba GIMP inajengwa kwa ajili ya wenye kazi nzito za picha. Ukiwa na kazi nzito, chakula chako ni XCF, JPEG ni ile sahani unayompelekea mgeni.

Hapo nimewapa haki yao. Sasa nidai yangu.

Kinachoniudhi zaidi siyo hata Ctrl+S, vidole vinajifunza. Ni lile onyo la mwisho. Umefungua JPEG, umeikata, umeekspoti vizuri, faili lipo, umeshalituma na WhatsApp. Unafunga GIMP. Inakuja: mabadiliko yako hayajahifadhiwa, usiposevu yatapotea! Yapotee wapi, na picha iko kwenye folda? Kwa hesabu yake inasema kweli, maana XCF haijasevuwa. Kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini inasema uongo. Matoleo ya baadaye yamelainisha kidogo, kisanduku kinakutajia kwamba picha imeekspotiwa na iko wapi, lakini swali bado unaulizwa.

Na onyo linalolia kila siku bila hatari linafanya nini? Linafundisha watu kulipuuza. Kuna stesheneri moja nje ya geti, kijana pale anakata picha za pasipoti kutwa nzima. Fungua, kata, ekspoti, funga, na kidole tayari kiko kwenye kitufe cha kutupa mabadiliko kabla kisanduku hakijamaliza kujitokeza. Hasomi, na asome nini? Siku atakayokuwa na kadi ya harusi yenye matabaka kumi na mawili, hajasevu popote, kidole kitakwenda palepale. Yaani ule ulinzi waliouweka kwa ajili ya kazi nzito unabomolewa na kazi nyepesi, kwa sababu onyo ni lilelile kwa zote mbili. Hili ndilo naona mafundi hawakulipima vizuri. Walifikiria mtu mmoja, mwenye kazi moja. Mtu halisi Jumatatu anakata pasipoti na Ijumaa anatengeneza bango.

Wengine wamelifanyaje? Krita nayo ni ya bure, msimbo wazi, na ni ya wachoraji haswa, huwezi kusema ni ya watoto. Fungua JPEG kwenye Krita, bonyeza Ctrl+S, inasevu JPEG. Ukiwa umeongeza vitu ambavyo JPEG haivibebi, inakutahadharisha, uamuzi unabaki kwako. LibreOffice ukifungua faili la Word ukalisevu, inauliza: uendelee na aina hii au utumie ya kwangu? Unajibu, unaweka alama isikuulize tena, maisha yanaendelea. Mtaniambia Audacity nayo ina mradi wake na MP3 unaekspoti, mbona hulalamiki? Kwa sababu pale mara nyingi naanza kazi mwenyewe, narekodi, nachanganya. GIMP watu wengi tunaingia nayo tukiwa na picha tayari mkononi, tunataka kuipunguza tu.

Na mwaka 2021 hata wale wakubwa, Adobe, waliligusa hili. Walibadilisha Photoshop, JPEG ikaondolewa kwenye Save As ukiwa na matabaka, ikahamishiwa kwenye amri ya kusevu nakala. Watu wakapiga kelele. Haikuchukua muda, wakaweka kiboksi kwenye mipangilio: weka tiki hapa, ule mtindo wa zamani unarudi. Kiboksi kimoja! Hakuna aliyelazimishwa kukiri kwamba fikra mpya ilikuwa mbaya.

Kiboksi hicho GIMP walikikataa. Hoja yao ni kwamba kila chaguo unaloongeza ni njia mbili za kutunza na kujaribu, na programu inageuka mchuzi wa mapishi mawili. Naielewa, mafundi ni wachache na wengi wanajitolea. Ila mipangilio ya GIMP ina kurasa na kurasa, unaweza kuchagua hata ukubwa wa aikoni. Nafasi ya kiboksi ikakosekana kwa jambo ambalo watu wamelililia zaidi ya miaka kumi?

Sasa nije kwenye jibu ninalopewa kila nikilianzisha hili pale canteen: "Ni ya bure, unalalamika nini?" Na kaka yake: "Msimbo uko wazi, badilisha mwenyewe."

Hili la kwanza silikubali kabisa. Mtu akikualika chakula hulipi, lakini chumvi ikizidi unaweza kumwambia shemeji chumvi imezidi, kwa adabu. Tena kwenye programu huria malalamiko ya adabu ni mchango, maana hawana hela ya kuzunguka kutuuliza. Matusi ndiyo hapana. Yamesemwa maneno machafu juu ya jambo hili hadi unaona aibu kusimama upande wa walalamikaji.

La pili lina ukweli ila ni ukweli wa wachache. Akkana Peck, aliyeandika kitabu cha kujifunza GIMP, alitengeneza programu-jalizi yake inayosevu na kuekspoti kwa amri moja. Safi sana. Lakini yeye anajua kuandika programu, na hata hivyo jalizi nyingi za enzi ya 2.8 zilihitaji kuandikwa upya ili zikubalike kwenye 3.0. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakajitenga kabisa: mwaka 2019 ilianzishwa Glimpse, kwa ugomvi mwingine wa jina, ikatoka kwenye msimbo wa GIMP. Mwaka 2021 ikasimama, watu wa kuifanyia kazi hawakutosha. Kwa hiyo kumwambia kijana wa stesheneri "badilisha mwenyewe" ni sawa na kumwambia abiria kama hapendi njia basi anunue basi lake. Haki anayo, hela na ujuzi ndiyo hana. Anachofanya ni kurudi kwenye ile ya kukraki, na anarudi na flashi zetu zote tunazompelekea. Hapo ndipo mimi naumia.

Haya, wakati kiboksi hakijaja, msaada mdogo. Ukifungua JPEG, kwenye menyu ya faili kuna amri ya Overwrite ikifuatiwa na jina la picha yako. Hiyo ndiyo Ctrl+S ya zamani, inaandika juu ya faili lilelile, ila haikupewa vitufe. Nenda Edit, kisha Keyboard Shortcuts, tafuta neno overwrite, ipe Ctrl+S. Italalamika kwamba vitufe hivyo vina mwenyewe, ithibitishie. Ukitaka XCF bado una Shift+Ctrl+S. Angalizo, inaua faili la mwanzo, kwa hiyo picha za bibi ziwekee kopi kwanza. Na lile onyo la kufunga halitaondoka, hilo tumelirithi.

Bango la mahafali ya department nimelimaliza, XCF yake iko kwenye flashi yangu ya bluu. Ukiniletea jina jipya la mgeni rasmi, lete kabla ya saa nne usiku, baada ya hapo nitakuwa discussion ya stats.