EKSPOZE SI KUSOMA DAFTARI

Ndugu wasomaji, tunapenda kusema neno moja juu ya ekspoze zetu, na tunaomba mtu asikasirike.

Wiki iliyopita wenzetu watatu walisimama mbele ya kilasi kwa kueleza kanuni za aina katika lugha za programu. Walisoma kurasa nne za Kifaransa, sisi tukapiga makofi. Kisha, inje, mmoja wetu aliuliza: « Sasa hii aina ni kitu gani? » Hakuna aliyejibu, hata wale watatu. Hatuwacheki. Mwaka jana sisi pia tulifanya vilevile.

Wengine wanasema ni juu hatuna ordinatere (kompyuta). Hatukubali. Jambo hili linaelezwa kwa chaki na ubao. Ordinatere inaweka kila kitu kama namba. Haijui kama 5 ni kilo, ao miaka, ao pesa. Aina ni alama ambayo mtu anatia juu ya kitu, ili ordinatere ikatae kuunganisha vitu visivyoungana.

Mama anayeuza maharagi sokoni Masisi anajua hii tayari. Ukimwambia « nipe tano », atauliza: tano gani, murongo ao kilo? Anakagua mbele ya kupima. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walikosa swali hilo. Programu moja ilihesabu nguvu za injini kwa kipimo cha Kiingereza, ingine ikapokea namba ile kama kipimo cha newton. Chombo chao, Mars Climate Orbiter, kilishuka chini mno kilipofika sayari ya Mars, kikapotea, tarehe 23 Septemba.

Kuko lugha, kama Python, ambazo zinangoja programu itembee ndipo zinaona kosa la aina. Zingine zinakagua mbele, kama ML ya Robin Milner, aliyefundisha Edinburgh. Mwaka 1978 Milner alieleza namna ordinatere inaweza kutambua aina yenyewe, hata mwandishi asipoitaja. Ni sawa vile sisi tukisikia « vimeanguka »: hatujaambiwa jina, lakini tunajua ni viti ao vitabu, si miti. Mfano kama huo ndio tulitaka kusikia katika ekspoze.

Mtu atasema: ekzameni ya Serikali inauliza kwa Kifaransa. Ni kweli, maneno ya Kifaransa tuyajifunze. Lakini maana iingie kwanza.

Kwa nini tunasisitiza? Koltani ya Rubaya inaingia katika vipande vidogo vya ordinatere, na bati ya Bisie, kule Walikale, inatumika kwa kushikamanisha vipande hivyo. Udongo wetu umeingia ndani ya mashini, sisi tungali inje. Tena kuko vita. Mwezi wa Machi 2025, vita ilipofika Walikale-centre, watu walikimbia porini. Mwanafunzi akikimbia, daftari inabaki nyumbani. Kile alichoelewa kinaenda naye.

Basi tunaomba mambo matatu. Moja: mwenye kutoa ekspoze afunge daftari, alete mfano mmoja wa kwetu. Mbili: kuwe robo saa ya maswali, na kusema « sijui » kusihesabiwe kuwa haya. Walimu wetu watusaidie hapo. Tatu: Bwana Prefe na komite ya wazazi watutafutie hata ordinatere moja ya zamani. Ubao unaeleza vizuri, lakini ubao unakubali kila kitu tunachoandika. Ordinatere inakataa kosa, na kwa kukataliwa mtu anajifunza.

Na ninyi wenzetu watatu, tafazali mrudilie ekspoze yenu. Tutakuja na maswali. Tutapiga makofi tena, na safari hii tutajua ni juu ya nini.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho