"Kitabu Yako Imepokelewa"

Katika ofisi nyingi hapa Uganda siku hizi barua haiandikwi, inatolewa. Karani anafungua kiolezo, yaani barua iliyokwisha kutungwa na kuachiwa nafasi za jina, tarehe na jambo lenyewe. Programu kama Word inasoma orodha ya majina kutoka kwenye jedwali, na kwa mkupuo mmoja zinatoka barua mia tano. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuchukua kiolezo kilichotungwa kwa Kiingereza, kukitafsiri mara moja, kisha kukitumia tena na tena kana kwamba Kiswahili ni Kiingereza kilichobadilishwa maneno.

Nikiwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi moja nilikuta kiolezo chenye sentensi hii: nafasi wazi, kisha "yako imepokelewa". Aliyetafsiri alikijaribu kwa neno barua, kikapita. Akakijaribu kwa fomu, kikapita tena. Kingeachaje kupita, na barua na fomu zote ziko katika ngeli ya I-ZI? Kiolezo kikaachiwa kazi, na wananchi wakaanza kupokea "Kitabu yako imepokelewa", "Cheti yako imepokelewa", "Malipo yako imepokelewa". Katika Kiingereza nafasi ile huweza kupokea nomino yoyote ya umoja na sentensi isitikisike. Kwetu nomino ndiyo inayoamuru: ukiibadilisha, kimilikishi na kitenzi lazima vibadilike nayo, na kama kuna kivumishi, nacho hakiponi.

Kuna watakaosema ujumbe umefika, kwa nini tusumbuke? Nawajibu kwamba ujumbe uliofika si huo mmoja tu. Mtanzania akisoma barua hiyo hasemi kwamba kompyuta imekosea. Anasema Waganda hawajui Kiswahili. Tumebebeshwa sifa hiyo miaka mingi, na sasa tunaipigia mhuri wenyewe, nakala mia tano kwa siku. Na mtoto wa shule ya msingi anayeletewa barua hiyo nyumbani, ambaye pengine ndiye msomaji pekee wa Kiswahili katika nyumba hiyo, ataamini nini: daftari lake la ngeli au karatasi yenye nembo? Mimi ningeamini nembo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwananchi wa kawaida hatausoma uamuzi huo. Atakachosoma ni risiti, fomu ya hospitali na barua ya ada.

Suala la saa ni baya zaidi, maana hapo hatuzungumzii tena aibu. Shule moja ninayoifahamu iliwaita wazazi kwa kiolezo kilichosema "Mkutano utaanza saa 9:00". Mashine ilichota 9:00 kutoka kwenye kalenda ya ofisi na kuitanguliza kwa neno saa. Kwa mwenye kufikiri kwa Kiswahili, saa tisa ni alasiri. Luganda nayo huhesabu vivyo hivyo, kwa hiyo hata asiyejua Kiswahili vizuri alielewa alasiri. Wazazi kadhaa walifika mkutano umekwisha na ukumbi umefungwa, na baadhi walikuwa wameacha siku nzima ya biashara sokoni. Walilaumiwa kwa kuchelewa! Kumbe waliosoma sawasawa ni wao. Kiolezo kilipaswa kutoa saa sita katika hesabu na kuandika saa 3:00 asubuhi. Hilo neno asubuhi nalo si pambo.

Mwenzangu anayesomea kompyuta ananiambia nimekuza jambo. Anasema Word ina uwezo wa kuweka masharti: jedwali liongezewe safu ya ngeli, kisha kiolezo kiagizwe kwamba nomino ikiwa ya KI-VI kiandike "chako kimepokelewa", ikiwa ya U-I kiandike "wako umepokelewa". Ni kweli, yawezekana. Anasema pia kwamba kanuni za Unicode, ambazo programu nyingi huzitegemea, zinaitambua tofauti ya umoja na wingi katika Kiswahili. Hilo nalo ni kweli, lakini mashine iliyoambiwa kwamba vitu ni viwili bado haijaambiwa kama iandike "vimepokelewa", "zimepokelewa" au "yamepokelewa". Na safu hiyo ya ngeli atajaza nani? Karani hajafundishwa ngeli, na fundi wa programu hajui kama zipo.

Mimi napendekeza njia iliyo rahisi kuliko masharti yote hayo. Andika: "Tumepokea", kisha nafasi wazi, kisha "kutoka kwako". Tumepokea kitabu kutoka kwako. Tumepokea malipo kutoka kwako. Tumepokea mzigo kutoka kwako. Kitenzi kimefuata "sisi", na "kutoka kwako" haiifuati nomino hiyo. Hakuna msimbo ulioandikwa wala safu iliyoongezwa. Sentensi imetungwa na mtu aliyeanza na Kiswahili badala ya kumalizia nacho. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi hii ni yetu, wanafunzi wa lugha.

Wengine wanadhani akili mnemba imekwisha kutuondolea tatizo, kwamba kila barua iandikwe upya na mashine. Siafiki. Cheti, hati ya mkopo au barua ya kumsimamisha mtu kazi vinahitaji maneno yaleyale kila mara, maneno ambayo mtu fulani ameyasoma na kuyawekea saini. Hiyo ndiyo heri ya kiolezo: kikisahihishwa mara moja, barua elfu moja zimesahihika. Sitaki heri hiyo ipotee.

Nashangaa kwamba sisi tunaokaa Uganda, Rwanda na Burundi ndio tunaolivumilia jambo hili, hali lugha zetu nyingi za nyumbani zina ngeli. Mganda hawezi kusema ekitabo akafuatisha kivumishi cha abantu. Sikio lake litakataa. Kiolezo kilichotungwa vizuri kwa Kiswahili kingehamia Luganda au Kinyarwanda kwa taabu ndogo kuliko hiki kinachotoka Kiingereza, ambacho Kiswahili kinakiwia kigumu kuanzia neno la pili.

Ninachowaomba wahadhiri wetu ni hiki: tasnifu za shahada ya kwanza kuhusu matatizo ya tafsiri ni nyingi na zinajaza kabati. Baadhi yetu waruhusiwe badala yake kutunga violezo kumi vya Kiswahili, kuvijaribu kwa nomino za ngeli zote, na kuvitetea mbele ya jopo kama tasnifu nyingine yoyote. Mimi nimeanza na barua ya kuwaita wazazi shuleni. Nakala yake ya nne imebandikwa kwenye ubao wa idara, na kalamu nyekundu imening'inizwa kando kwa uzi.