Nyimbo zipangwe gari likiwa stendi

Noah nyingi zinazobeba abiria kati ya Karatu na Arusha ziliagizwa Japani zikiwa zimeshatumika, na redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya huko. Kwa miaka mingi FM ya Japani ilianzia 76 na kuishia 90, ilhali ya kwetu inaanzia 87.5 hadi 108. Redio kama hiyo ikifika hapa inashika kipande kidogo tu cha mwanzo, na vituo vingi inavipita bila kuvisikia. Hapo ndipo simu ilipopata kiti chake kwenye dashibodi. Mwenye redio mpya anaunganisha simu kwa Bluetooth au kwa waya. Asiye nayo anachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara kile kifaa kidogo kinachorusha sauti ya simu kwa njia ya FM. Abiria wanapata Bongo Fleva, kwaya au singeli, na safari ya kilomita takribani 140 haiwachoshi. Sina ugomvi na muziki. Ninachokipinga ni kwamba anayeuchagua, wimbo baada ya wimbo, ni yuleyule aliyeshika usukani.

Watu husema madereva wamekuwa wakibadilisha stesheni tangu zamani na hakuna aliyelalamika. Lakini kitufe cha redio ya zamani kilikuwa na umbo. Kidole kilikijua mahali kilipo na macho yakabaki barabarani. Kioo cha simu ni laini kote, hakina pa kupapasa. Ili upate wimbo lazima ukitazame: ufungue, uteleze orodha, usome jina, uguse, kisha uhakikishe umegusa palipo sahihi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Sekunde tano za kutafuta wimbo ni zaidi ya mita 100 zilizopitwa bila mtu kuziangalia, na kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu mita 100 zinatosha kabisa ng'ombe wa kwanza kuingia barabarani na kundi zima kumfuata.

Bahati mbaya barabara hii hii ndiyo inayolazimisha simu na kifaa chake viguswe mara nyingi. Kile kifaa cha tundu la sigara kinahitaji nafasi tupu kwenye FM, na redio ya Kijapani inayoishia 90 inakiachia upenyo mwembamba tu, kuanzia 87.5. Gari likikaribia mji wenye kituo kinachotumia masafa hayo, kituo kinaufunika muziki, sauti inakwaruza, na dereva ananyoosha mkono kutafuta namba nyingine. Anayesikiliza moja kwa moja kutoka intaneti naye ana tabu yake: mtandao ukiyumba milimani wimbo unakatika, na macho yanarudi kwenye kioo. Yote haya yanaweza kutokea palepale barabara inapoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, kona baada ya kona, au kwenye miteremko ya Rhotia. Rhotia ndipo Mei 6, 2017, basi lililokuwa likiwapeleka wanafunzi Karatu kufanya mtihani wa majaribio lilipotumbukia korongoni, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Sisemi simu ilihusika na msiba ule. Nautaja kwa sababu kila anayeendesha pale anajua barabara ile inadai nini.

Hoja nzito zaidi ya madereva ni usingizi. Anayeamka saa kumi alfajiri na kurudi usiku anasema bila muziki atasinzia. Namwelewa, ingawa dawa ya usingizi ni kulala, na mwenye gari anayedai hesabu kubwa ya kila siku ana sehemu yake katika uchovu huo. Hata hivyo, kinachomsaidia dereva huyo ni muziki wenyewe, si kuuchagua njiani. Flashi iliyojazwa nyimbo za muda wa saa nne inapiga mfululizo bila kuguswa. Kama abiria anataka wimbo wake, simu ishikwe na konda au na aliyekaa kiti cha mbele.

Juu, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, jambo linabadilika kidogo, kwa sababu anayeendesha Land Cruiser ya watalii ni dereva na mwongozaji kwa pamoja. Ana redio ya upepo ya kupashana habari na wenzake, ana ukungu wa ukingoni, ana barabara ya Seneto inayoshuka kreta yenye kina cha mita 600 hivi. Mgeni akiomba kuunganisha simu yake, dereva anaona vigumu kukataa, kwani bakshishi iko mikononi mwa mgeni huyo. Lakini mwongozaji anatafuta wanyama kwa masikio pia: mlio wa onyo wa tumbili au wa kanga humwambia alipo chui kabla hajaonekana. Paa likishafunguliwa, muziki unamnyima kazi yake na kuwasumbua walio gari la pili. Kampuni za utalii ziseme hivyo kwa mgeni siku ya kwanza, kwa maandishi, ili lawama isimwangukie dereva.

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inafuatilia mwendo wa mabasi kwa kifaa kiitwacho VTS, na ni jambo jema, ila kifaa hicho hakioni macho ya dereva yako wapi. Macho hayo wanayaona abiria na mwenye gari. Mwenye Noah anayenunua rimu za kupendeza anaweza kununua kwanza redio inayoshika FM ya Tanzania na yenye mahali pa flashi, na pale stendi ya Karatu, kabla konda hajafunga mlango, simu ya dereva ikaingia kwenye droo ya dashibodi na kubaki humo mpaka Arusha.