Fomu ya Daktari na Haki ya Askari Aliyehamia Madale

Mtu aliyelitumikia jeshi la Marekani, awe aliingia kwa njia ya kawaida au kwa mpango wa MAVNI ulioanza mwaka 2009 na kuwaandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo, hapotezi fidia yake ya ulemavu kwa sababu tu amehamia Madale, Dar es Salaam. Kinachomsumbua ni ushahidi wa kitabibu, hasa fomu ya tathmini ya ulemavu, yaani dodoso ambalo daktari hulijaza ili Wizara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani ijue ukubwa wa maradhi yaliyotokana na utumishi.

Fomu hiyo ni tofauti kabisa na barua ya kawaida ya daktari. Fidia hupangwa kwa ngazi za kumi kumi, kutoka asilimia 0 hadi 100, na kila ngazi ina vipimo vyake: goti linaloishia kukunjika kwenye nyuzi 45 hupewa asilimia 10, likiishia nyuzi 30 hupewa 20, na likiishia nyuzi 15 hupewa 30. Daktari anayeandika kwamba mgonjwa ana maumivu makali, bila kupima pembe ya goti, ameandika kweli, lakini mwamuzi wa dai hana namna ya kuigeuza kweli hiyo kuwa asilimia. Maumivu yenyewe hayapuuzwi, kwani tangu hukumu ya shauri la DeLuca ya mwaka 1995 ni lazima izingatiwe jinsi yanavyopunguza uwezo wa kiungo kinapotumika. Lakini yanahitaji kuelezwa yanakuja mara ngapi, yanadumu kwa muda gani na yanamzuia mgonjwa kufanya nini.

Mwezi Aprili 2020 Wizara iliziondoa fomu hizo mikononi mwa umma, hofu ya udanganyifu ikiwa miongoni mwa sababu, na uamuzi huo uliwaumiza zaidi waishio mbali na wakaguzi wake. Sheria iliyotiwa saini Januari 2021 ilizirudisha, na ilistahili kufanya hivyo, kwa maana udanganyifu wa wachache haukupaswa kulipwa na mgonjwa aliye ng'ambo.

Dar es Salaam haina upungufu wa ujuzi unaohitajika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, nao hukadiria kwa asilimia ulemavu wa mfanyakazi aliyeumia kazini, na umekuwa ukiwafundisha madaktari kuufanyia tathmini. Daktari aliyepita mafunzo hayo, au bingwa wa mifupa wa Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili, amekwisha kuzoea kuandika kwa vipimo. Anachohitaji ni kupewa fomu mapema pamoja na kumbukumbu za matibabu za jeshini, maana bila kumbukumbu hizo hawezi kutoa maoni kama maradhi yana uwezekano wa angalau nusu kwa nusu wa kutokana na utumishi. Jumuiya ya Madale ingefanya jambo la maana sana kama ingeandaa orodha ya madaktari hao pamoja na maelezo ya Kiswahili ya kila sehemu ya fomu.

Pengo la maelezo hayo lisipozibwa, watalijaza madalali wanaodai sehemu ya malipo ya askari, ilhali sheria ya Marekani hairuhusu mtu kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza, na wawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya maveterani huifanya kazi hiyo bure.