Koni za Sao Hill

Miti ikishavunwa katika msitu wa Sao Hill, Mufindi, matawi hubaki chini yakiwa na koni za misonobari, na mtu akiziokota huwa ni za kuwashia moto. Mimi naona kalamu ndani yake. Msonobari aina ya patula, wenye asili ya Meksiko, hufumba koni zake tawini kwa miaka, ukingoja joto. Zipe joto hilo: oveni ya nyuzi 100 hivi, saa moja au zaidi, magamba yafunguke, wadudu wafe, unyevu uishe. Usiondoke karibu, maana utomvu hushika moto. Fundi asiharakishe hapa. Koni mbichi ikimiminiwa rezini hutoa mapovu, na kalamu hutoka na matundu. Koni iliyokauka ikipoa, isugue kwa brashi, ilaze kwenye kalibu, mimina rezini yenye rangi polepole, kisha iache igande ndani ya chombo chenye shinikizo la hewa ili mapovu yaliyosalia yasinyae. Ndipo uikate, uitoboe na kuikereza kwa patasi kali, taratibu, magamba ya kahawia yajitokeze ndani ya rangi. Natamani wakerezaji wa Iringa waanze na gunia moja tu.