Damu kwa Kiswahili, Tasnifu kwa Kiingereza

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Deni ninalonuia kulijadili katika makala haya linawahusu wenzetu wa uzamili na uzamifu wanaosomea elimu ya kinga ya mwili katika vyuo vikuu vya humu nchini. Ni deni la lugha. Damu wanayoifanyia utafiti aghalabu huombwa kwa Kiswahili, ilhali tasnifu inayotokana na damu hiyo huandikwa kwa Kiingereza kitupu na kuhifadhiwa maktabani, asikofika aliyeitoa. Nitajaribu kuonyesha kwamba sisi wa Kiswahili tunalo fungu letu katika deni hilo.

Elimu hii huchunguza jinsi mwili unavyomtambua adui, awe kirusi, bakteria au kimelea, unavyopambana naye na unavyomkumbuka akirudi. Haisomeki kwa vitabu pekee. Mwanafunzi hana budi kutoka maabarani awaendee watu walio tayari kutoa damu, na wananchi wetu wamechangia si haba. Mathalani, mwaka wa 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kufuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono mtaani Majengo, Nairobi. Ilibainika kwamba baadhi yao hawakuambukizwa VVU licha ya kukabiliwa na virusi hivyo kwa miaka mingi. Ugunduzi huo ulichangia kubuniwa kwa chanjo, kwa ushirikiano wa Nairobi na Oxford, iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka wa 2001. Chanjo hiyo haikufua dafu, kwani mwitikio ilioamsha mwilini ulikuwa hafifu. Huko Kilifi nako, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka wa 1989 kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Awamu ya tatu ya majaribio hayo ilihusisha zaidi ya watoto 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumiwe.

Kila mmoja wa watoto hao alikuwa na mzazi au mlezi aliyeelezwa jambo, akakubali, akatia sahihi au alama ya kidole gumba. Je, watu kama hao huelezwa kwa maneno yepi? Hapo ndipo penye kitovu cha hoja yangu.

Miaka miwili iliyopita, mwenzangu mmoja aliyekuwa akisomea uzamili wa elimu hiyo aliniletea fomu ya ridhaa nimtafsirie. Kamati za maadili ya utafiti hutaka fomu hiyo iwe katika lugha anayoielewa mshiriki. Alihitaji damu ya watu wazima wa kijiji kimoja cha pwani ili apime jinsi miili yao inavyovikabili vimelea vya malaria. Nilijiona mjuzi, nikaimaliza kazi hiyo kwa jioni moja. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, alimpa mtu mwingine airejeshe kwa Kiingereza bila kuiona ile ya awali. Loo! Popote palipozungumzia kingamwili, mwitikio wa mwili au mfumo mzima, mimi niliandika "kinga". Na kila "kinga" ilirejea ikiwa na maana ya kutopatwa na ugonjwa. Sentensi iliyokusudiwa kusema kwamba damu itapimwa kingamwili za malaria sasa ilimwahidi mshiriki kwamba ataambiwa kama amekingika. Hebu fikiria, ndugu msomaji, mama aliyeambiwa kwamba ana kinga. Ana sababu gani ya kulala ndani ya chandarua usiku huo?

Kosa lilikuwa langu, wala si la Kiswahili. Neno "kinga" limebeba mizigo mingi. Tunaposema kinga ni bora kuliko tiba, tunamaanisha tahadhari. Vijana wakiambiwa watumie kinga, huelewa ni kondomu. UKIMWI nao ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na hapo tunauzungumzia uwezo wa mwili wenyewe. Mwanasayansi anahitaji maana hizi zitenganishwe, kwa sababu mtu aweza kuwa na kingamwili na bado akaugua. Mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi huweza kuwa na vimelea damuni pasi na kuugua, lakini akiishi kusiko na malaria kwa miaka kadhaa, kinga hiyo hufifia. Katika majaribio ya chanjo za VVU, aliyechanjwa aweza kuonekana ameambukizwa hali hana virusi, kwa kuwa vipimo vingi hutafuta kingamwili. Asipoelezwa tofauti hiyo kwa lugha aielewayo, ndoa yaweza kuvunjika kwa sababu ya neno moja.

Ilitubidi kukaa jioni tatu zaidi, yeye akifafanua nami nikiandika. Mwishowe tulipata maneno haya: "Tutapima kama damu yako ina kingamwili za malaria. Kuwa nazo hakumaanishi kwamba hutaugua. Endelea kulala ndani ya chandarua." Hamna istilahi ngeni pale isipokuwa moja, nayo tuliieleza kwa sentensi fupi.

Wapo watakaodai kwamba sayansi ya kiwango hiki haielezeki kwa Kiswahili. Dai hilo halina mashiko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwaka wa 2020, neno "barakoa" lilienea kutoka studio za redio hadi sokoni bila kusubiri kongamano. Wengine watasema kwamba mwanafunzi wa uzamili tayari amelemewa na karo, vitendanishi vya kuagizwa ng'ambo na msimamizi asiyepatikana. Hoja hiyo siipuuzi. Hata hivyo, sisi tunaoandika tasnifu kwa Kiswahili aghalabu hutakiwa kuambatisha ikisiri ya Kiingereza, na sijasikia anayetuonea huruma.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tasnifu ya elimu ya kinga iliyotumia damu ya wananchi iwe na ikisiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, na ukurasa huo urudishwe kijijini ilikotoka damu. Pili, idara za Kiswahili ziwaruhusu wanafunzi wa tafsiri kufanya kazi hiyo kama sehemu ya mafunzo yao, bega kwa bega na mwenye utafiti. Tatu, chama chetu kiandae orodha fupi ya istilahi za fani hii: mfumo wa kinga, mwitikio wa kinga, kingamwili, antijeni. Neno "kinga" likisimama peke yake, liachiwe maana ya kutougua tu.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tumeishangilia hadhi hiyo katika makongamano mengi, ilhali fomu za ridhaa bado hutafsiriwa jioni moja na watu wasioelewa wanachokitafsiri, kama nilivyofanya mimi. Mwenzangu amekwisha kuhitimu, na tasnifu yake iko maktabani. Ikisiri yake ya Kiswahili bado hatujaiandika. Dawa ya deni ni kulipa, nami nimeanza na hilo langu.