"Ndiyo, Daktari"

Leo naweka kando mambo ya lugha za programu, nizungumzie presha na kosa langu mwenyewe.

Shangazi yangu anakaa Voi na ana presha ya juu kwa miaka mingi sasa. Kila baada ya miezi mitatu huenda kliniki, hupimwa, kisha huulizwa, "Unatumia dawa?" Naye hujibu, "Ndiyo, daktari." Foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache, mazungumzo yanaishia hapo. Mwaka jana kipimo kilikuwa bado juu, daktari akaongeza dawa ya pili. Simlaumu. Mgonjwa anatumia dawa, presha haishuki, basi dawa haitoshi.

Kumbe shangazi alikuwa anameza dawa siku ambazo kichwa kinamuuma tu. Kwake yeye presha ni kitu kinachopanda siku moja moja, na kikipanda kichwa husema. Siku nyingine presha haipo, sasa dawa ya nini? Kwa hiyo ile "ndiyo" yake haikuwa uongo hata kidogo. Binamu yangu alipokuja likizo akamsimamia ameze vyote, kila siku. Siku ya nne alishikwa na kizunguzungu akaanguka bafuni. Tunamshukuru Mungu hakuvunjika nyonga.

Sisi tunaoandika programu tunaijua hitilafu hii. Pande mbili za mfumo zinapokezana data, kila upande unaona mambo yako sawa, hakuna ujumbe wa kosa popote, na matokeo ni takataka. Swali la "unatumia dawa?" lina majibu mawili, ilhali jambo lenyewe lina majibu thelathini kila mwezi. Hata ile bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa "1x1" kwa kalamu ina kasoro iyo hiyo. Inasema kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Haina nafasi ya kusema "hata ukijisikia mzima". Na presha ya juu kwa kawaida haina dalili yoyote. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Utafiti wa STEPS wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya ana presha ya juu, kwa hiyo shangazi hayuko peke yake.

Sasa kosa langu. Kabla ya hayo yote, niliposikia presha ya shangazi haishuki, nilifanya lile ambalo kijana mwenye digrii ya kompyuta hufanya: niliandika programu. Kila siku saa moja asubuhi ilimtumia ujumbe mfupi: "Shikamoo shangazi. Kumbuka kumeza dawa." Ilifanya kazi miezi minne bila kukatika, nami nikajipongeza. Alipoanguka nilimuuliza kama ujumbe ulikuwa unafika. "Ulikuwa unafika, mwanangu, na nilifurahi sana kuwa wanikumbuka. Lakini kichwa hakikuwa kinauma."

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wengine walishafika mbali kuliko mimi, tena hapa hapa kwetu. Kati ya 2007 na 2008, utafiti wa WelTel ulifuatilia watu 538 walioanza dawa za ARV katika kliniki tatu, mbili Nairobi na moja Kajiado. Nusu yao walitumiwa ujumbe mara moja kwa wiki wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyenyamaza siku mbili alipigiwa pia. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2010: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa ujumbe. Na ona busara yake: mtu mwingine akiishika simu hiyo, "Mambo?" haimwambii lolote kuhusu ugonjwa wa mwenyewe.

Sisemi ukumbusho hauna faida kabisa. Chulaimbo, karibu na Kisumu, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha ukumbusho wa mara moja kwa wiki ulisaidia. Wa kila siku haukusaidia, na wangu, jamani, ulikuwa wa kila siku. Huko Yaoundé, Kameruni, mwaka 2012, ujumbe wa kutia moyo wa kila wiki haukuonyesha tofauti ya maana.

Maoni yangu basi ni haya. Kutuma ujumbe ni kazi ya jioni moja kwa yeyote anayejua kuandika programu kidogo. Gharama iko kwa muuguzi wa kumpigia aliyesema "Shida", na huyo ndiye hakumbukwi bajeti za miradi zinapoandikwa. Siku hizi naona watu wanataka akili bandia ndiyo ijibu wagonjwa. Ipange majibu ikipenda, itenge walionyamaza, lakini mtu aliyesema ana shida asikutane na mashine nyingine. Asipopatikana binadamu wa kumpigia, heri tusimuulize kabisa.

Programu yangu ya kwanza nimeifuta. Sasa kila Jumatatu shangazi anaulizwa, "Wiki hii umemeza dawa siku ngapi?" Jibu linakuja kwangu na kwa binamu, naye anaandika kwenye daftari lake. Jibu moja lilikuwa: "Siku 5. Alhamisi na Ijumaa kizunguzungu nikaacha." Alilibeba daftari hilo kliniki. Daktari alilisoma, akampima tena, akauliza maswali ambayo hakuwahi kuuliza, kisha akaondoa dawa moja.

Jumatatu hii bado hajajibu. Huenda simu imezima tu, lakini naacha hapa nimpigie.